Maswali na Majibu: Bwana Anakuja, Je, Mikorosho Ipuliziwe?

Maswali yaliyokusanyika safari hii yametoka Tandahimba, Masasi, Mikindani, Lindi mjini na Nachingwea, na karibu yote yanazunguka jambo moja: Kristo atakuja tena, sasa sisi huku Kusini tuishije leo? Yaliyofanana tumeyaunganisha. Mistari tunayoinukuu ni ya Biblia ya Union.

Mhubiri aliyepita kijijini kwetu ametaja mwezi ambao Yesu atarudi. Tangu hapo majirani wawili wameacha kupuliza salfa, na mwingine anatafuta mteja wa shamba lake. Tuwaambie nini? (Mkulima, Tandahimba)

Waambieni wapulize. Ubwiriunga, ule ukungu unaoshambulia mikorosho, haujui unabii. Ukiruka mzunguko mmoja wa salfa wakati mikorosho inatoa maua, hasara yake hairudi msimu huo, na Januari ada ya shule itadaiwa mhubiri akiwa ameshahamia wilaya nyingine.

Mathayo 24:36 iko wazi: “Walakini habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika walio mbinguni, wala Mwana, ila Baba peke yake.” Anayetaja mwezi anadai kujua alichofichwa malaika. Watu hudhani amepewa ufunuo, kumbe mara nyingi anacho kikokotoo tu. Mfano mashuhuri ni wa William Miller, mkulima na mhubiri wa Marekani. Alichukua siku 2,300 za Danieli 8:14, akahesabu kila siku kuwa mwaka, akaanzia mwaka 457 kabla ya Kristo, akaangukia 1843. Mwaka ulipopita bila kitu, ikaonekana kwamba kati ya mwaka 1 kabla ya Kristo na mwaka 1 baada yake hakuna mwaka sifuri, hivyo hesabu ikasogea hadi 1844, na hatimaye ikatajwa tarehe 22 Oktoba. Wako walioacha viazi shambani bila kuvichimba. Tarehe 23 kukapambazuka kama kawaida. Hesabu ya kujumlisha na kutoa ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa chini ya hesabu, kwamba unabii ule umeandikwa ili tupate tarehe. Harold Camping, naye wa Marekani, alitaja Septemba 1994, kisha 21 Mei 2011, na ilipopita akasogeza hadi 21 Oktoba mwaka huo huo.

Mkimpata huyo mhubiri, muulizeni mambo matatu. Mstari upi unataja mwezi huo? Yeye mwenyewe ameuza nini? Na mwezi ukipita, atasimama hadharani kuomba radhi, au atatoa mwezi mwingine? Swali la pili ndilo humkwamisha.

Wathesalonike walipatwa na jambo hili hili. Walisikia kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika, baadhi wakaacha kazi wakawa wanajishughulisha na mambo ya wengine. Paulo akawajibu kwa ukali: “ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula” (2 Wathesalonike 3:10). Huyo anayetafuta mteja mshaurini asubiri walau minada ya msimu huu iishe, na mkewe na watoto wakubwa wasikilizwe. Shamba linalouzwa kwa hofu huuzwa kwa bei ya kutupa, na anayelinunua huwa haogopi kitu.

Kuna mpaka mmoja ambapo mazungumzo hayatoshi. Mhubiri akiwaambia watu wafunge kula bila kikomo, wawatoe watoto shule, wasiende hospitali au wahamie porini kumngoja Bwana, nendeni kwa mtendaji wa kijiji na polisi siku hiyo hiyo. Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada walilofungiwa. Shakahola, Kenya, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba kufa njaa ni njia ya kukutana na Yesu. Kote kuwili dalili zilionekana mapema.

Kaka yangu alizama na ngalawa, mwili haukupatikana. Mama anauliza: asiye na kaburi atafufukaje? (Dada, Mikindani)

Poleni sana, dada, na mpe mama pole yetu. Mwambie swali lake limejibiwa kwa maneno ambayo watu wa pwani wanaweza kuyashika: “Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake” (Ufunuo 20:13). Bahari imetajwa kwanza, kabla hata ya Mauti na Kuzimu.

Ufufuo hautegemei mifupa ikutwe mahali pamoja. Katika 1 Wakorintho 15 Paulo analinganisha mwili na mbegu: kinachopandwa hakifanani na kinachoota, ila mtu ni yule yule. Kwa hiyo aliyezama, aliyeungua na aliyezikwa vizuri kwa saruji wote wako sawa mbele ya Mungu. Tena 1 Wathesalonike 4:15 inasema tutakaokuwa hai siku hiyo hatutawatangulia waliolala. Wao ndio wa kwanza kuinuka.

Kuhusu alipo sasa hivi, makanisa hayasemi sawa. Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri hufundisha kwamba roho ya aliyekufa katika Bwana iko mikononi mwa Mungu ikiungoja mwili; Waadventista husema amelala usingizi usio na fahamu mpaka parapanda. Wote hukutana palepale: mwili utafufuliwa.

Jambo la kufanya: mwombeni padre au mchungaji wenu ibada ya kumkumbuka, hata bila mwili. Familia nyingi huiogopa kwa kuona kama wanamzika mtu ambaye huenda yuko hai, hivyo mama hubaki miaka ameketi ufukweni. Kama bado mama hajawa tayari, msimlazimishe, ila msimwache peke yake. Na kulia si kukosa imani. Mtume hakukataza kuhuzunika, alikataza kuhuzunika “kama na wengine wasio na matumaini.”

Shikamoo. Tumeambiwa namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ni chapa ya mnyama wa Ufunuo, 666. Nikatae? (Kijana, Masasi)

Marahaba. Usikatae. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Hakuna fumbo hapo.

Sasa 666 yenyewe. Ufunuo 13:18 inamwambia mwenye akili “aihesabu,” kwa sababu zamani herufi ndizo zilizokuwa namba. Andika Neroni Kaisari kwa herufi za Kiebrania: N ni 50, R ni 200, W ni 6, N ni 50, kisha K ni 100, S ni 60, R ni 200. Jumlisha: 666. Ukiandika Nero bila N ya mwisho, unapata 616, na kweli ziko nakala chache za kale za Ufunuo zenye 616 badala ya 666. Nero aliwatesa Wakristo wa Roma baada ya moto wa mwaka 64. Wataalamu wengi huona wasomaji wa kwanza walimwelewa yeye, na kila mtawala atakayefanana naye.

Halafu soma sura nzima, usisome mstari mmoja. Chapa inaambatana na kumsujudia mnyama. Ufunuo 14:9 inaweka mambo hayo mawili pamoja. Mstari wa kwanza wa sura hiyo hiyo ya 14 watu wa Mwana-Kondoo nao wana jina katika vipaji vya nyuso zao, na hakuna anayeogopa kwamba hilo ni la wino. Hakuna mtu anayemsujudia mnyama kwa bahati mbaya alipokwenda kusajili laini ya simu. Ulikuwepo uvumi wa aina hii juu ya namba za bidhaa dukani na juu ya chanjo. Nao utakuja mwingine.

Jirani yangu ni Mwislamu. Anasema hata wao wanamsubiri Nabii Isa. Tunamsubiri mmoja? (Mama, Lindi mjini)

Jirani yako hajakosea. Waislamu wengi hufundishwa, kwa kutegemea hadithi za Mtume zilizomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, kwamba Isa bin Mariamu atashuka, atamuua Dajali, yule masihi wa uongo, na kuvunja msalaba. Kisha ataishi, atakufa na kuzikwa kama binadamu wengine. Wakristo nao wanakiri kila Jumapili kwamba atakuja kwa utukufu kuwahukumu wazima na wafu, na ufalme wake hautakuwa na mwisho.

Jina ni moja, tofauti ni kubwa. Kwao anashuka kama nabii, mtumishi wa Mungu, na hakusulubiwa. Kwetu anayerudi ni yule yule aliyesulubiwa, akafa, akafufuka, na hafi tena. Naye ndiye hakimu. Mkizungumza barazani, kila mtu aeleze la kwake, asimfundishe mwenzake dini yake. Mengi huharibika Mkristo anapotaka kueleza Kurani aliyoisikia kwenye mkutano wa hadhara, na Mwislamu anapoeleza Injili aliyoisikia vivyo hivyo. Pika pilau, pelekeni sahani, mzungumze.

Unyakuo wa siri upo? Nimesikia gari litabaki bila dereva. (Mwanakwaya, Nachingwea)

Neno linatoka 1 Wathesalonike 4:17: tutanyakuliwa katika mawingu “ili tumlaki Bwana hewani.” Ila mstari unaotangulia una mwaliko, sauti ya malaika mkuu na parapanda ya Mungu. Siri gani hiyo yenye parapanda?

Ufunguo uko katika hilo *kumlaki*. Neno la Kigiriki, *apantesis*, lilitumika watu wa mji walipotoka kumpokea mtu mkubwa na kuingia naye. Limetumika kwa wanawali wanaotoka kumlaki bwana arusi (Mathayo 25:6), na kwa ndugu wa Rumi waliotoka kumpokea Paulo barabarani, akaingia nao mjini (Matendo 28:15). Huku kwetu halihitaji maelezo marefu. Askofu akija kutoa kipaimara kigango cha mbali, watu huenda njia panda na ngoma, matawi na khanga za kutandika chini, wakarudi naye kanisani wakiimba. Hakuna anayetoka kumlaki ili apande gari la Askofu waondoke wote, kigango kibaki tupu.

Fundisho la kuja mara mbili, kwanza kwa siri na kisha hadharani baada ya miaka saba ya dhiki, lilienezwa na John Nelson Darby kuanzia miaka ya 1830, na likasambaa zaidi kwa Biblia yenye maelezo ya Scofield ya mwaka 1909. Makanisa mengi ya Kipentekoste hulishika, na wanaolishika ni ndugu zetu. Katoliki, Anglikana na Lutheri hawalifundishi. Kwaya yenu inaweza kuimba kunyakuliwa bila tatizo. Hilo la dereva liacheni.

Uliuliza pia miaka elfu ya kutawala pamoja na Kristo katika Ufunuo 20. Wako wanaoihesabu kama miaka halisi baada ya Kristo kurudi, na wako wanaofuata Agostino wa Hippo, kwamba ndicho kipindi hiki cha Kanisa. Imani haivunjiki kwa upande wowote.

Vita ng'ambo ya Ruvuma, kimbunga Hidaya… si ndizo dalili? (Wengi)

Ni dalili, lakini si ratiba. Yesu alitaja vita na matetesi ya vita kisha akasema ule mwisho bado, akaviita mwanzo wa utungu (Mathayo 24:6-8). Cabo Delgado, huko Msumbiji, imekuwa vitani tangu Oktoba 2017. Hidaya ilitufikia Mei 2024. Lakini Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, na Zanzibar mwaka 1872, na mwisho haukuja. Mwenye utungu hukaa tayari, hatangazi saa. Mkimbizi akivuka mto, mpeni maji kwanza, kisha ndiyo msome sura ya 24, na mkifika sura ya 25 mtakuta hayo maji yameulizwa.

Ni lazima Mkristo azikwe miguu ikielekea mashariki? (Mzee wa kanisa, Masasi)

Si lazima, mzee wetu. Ni desturi ya kale: kichwa magharibi, ili akiinuka atazame mashariki, kwa sababu ya umeme utokao mashariki katika Mathayo 24:27. Kwa kuwa Kibla kutoka huku Kusini ni kaskazini, Waislamu nao huchimba kaburi la mashariki na magharibi, ila kichwa huwa mashariki ili maiti alale ubavu wa kulia akiielekea Kibla. Makaburi yanalingana, vichwa vimepishana. Kama eneo lina mteremko au mwamba, chimbeni panapochimbika.

Tufanyeje Majilio nyumbani, maana yanaangukia wakati wa pesa za korosho? (Mama wa watoto wanne, Tandahimba)

Majilio, majuma ya kungoja kuja kwa Kristo kabla ya Krismasi, huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na 30 Novemba, yaani kati ya 27 Novemba na 3 Desemba. Mpaka tarehe 16 Desemba masomo husisitiza kurudi kwa Kristo. Kuanzia tarehe 17 yanageukia Bethlehemu. Wengi huruka sehemu ya kwanza moja kwa moja hadi nguo za Krismasi.

Tengeni dakika kumi baada ya chakula cha jioni, zisizidi, maana mkizidisha wadogo watalala na kesho hawatataka. Wiki ya kwanza someni Mathayo 24:37-44. Ya pili Isaya 40:1-11. Ya tatu Yakobo 5:7-10, ambapo mkulima anangoja mvua ya kwanza na ya mwisho, na baba asimulie msimu ulivyokwenda. Ya nne Luka 1:26-38. Kila siku asome mtoto mwingine, vipande vidogo. Mwisho semeni wote *Maranatha*, Bwana njoo.

Mishumaa ni minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi kwa Jumapili ya tatu. Myeupe nayo inafaa. Unaongezwa mmoja kila wiki, hivyo wa kwanza utawaka hadi siku 28, karibu saa tano kwa jumla, na wa mwisho haufiki saa moja na nusu. Wa kwanza nunueni mnene. Kwa joto la Desemba la huku mishumaa hupinda, kwa hiyo isimamisheni kwenye sahani yenye mchanga, mbali na pazia.