Maswali na majibu: Chavua ndani ya mzinga

Swali: Nilipofungua mzinga wangu wa viunzi (vijiti vya mbao vya juu ambavyo nyuki hujengea masega) hapa Bahi, Dodoma, niliona vyumba vya sega vimejaa unga wa manjano, hudhurungi na hata mweupe. Je, ni ugonjwa?

Jibu: Si ugonjwa. Hiyo ni chavua, chakula cha kukuzia majana, yaani watoto wa nyuki walio ndani ya sega. Rangi hutofautiana kwa sababu nyuki mmoja, katika safari moja, kwa kawaida huchuma aina moja tu ya ua; chavua ya alizeti ni ya manjano yaliyokolea, na ya mahindi imepauka. Nyuki anayerudi na mbochi, yaani maji matamu ya maua, humkabidhi mwenzake, lakini mwenye chavua huingiza mwenyewe miguu ya nyuma chumbani na kuangusha vidonge vyake viwili, kisha nyuki kibarua mwingine huvishindilia kwa kichwa huku akivilainisha kwa asali na mate. Ukipasua chumba kimoja kwa wembe, utaona tabaka za rangi mbalimbali zimelaliana, na utaona pia kwamba hakikujazwa hadi ukingoni.

Swali: Kwa nini haichanganywi na asali mahali pamoja?

Jibu: Kwa sababu ya walezi. Nyuki hao wachanga hula chavua, wakatengeneza kwenye tezi za kichwani maziwa ya kulishia mabuu, hivyo ghala lao halina budi kuwa karibu. Ndiyo maana kwenye sega lililokamilika asali hukaa juu, majana chini yake, ambako nyuki hudumisha joto la nyuzi 34 hadi 35, na chavua hufuata mpaka wa majana kama upinde.

Swali: Kiunzi kiwe na upana gani?

Jibu: Milimita 32 kwa nyuki wetu. Kikizidi hapo, masega hupinda na kuungana.

Swali: Mvua zikiisha huwa narina kila kitu. Nimekosea wapi, maana nyuki huhama?

Jibu: Dodoma mvua zikikatika mwezi wa Aprili, kiangazi huendelea hadi karibu na Desemba, na nyuki wa Afrika wakikosa akiba huutelekeza mzinga bila kusita. Nakusihi urine masega yaliyofunikwa nta pekee, tena si yote. Sega lenye asali juu na chavua chini lirudishe lilivyo, hata kama asali yake inatamanisha, kwa kuwa ukilikamua chavua itaifanya asali isiwe angavu na itaitia uchachu, na majana yatabaki bila chakula.