Taa ya betri haizimiki

SWALI: Fundi, gari langu la 1998 huwasha taa nyekundu ya betri nikitoka Nakuru kwenda Molo usiku. Nimeweka betri mpya, bado. Ninunue nyingine? – Mama Chebet

JIBU: Usinunue, mama! Taa hiyo inalalamikia uchaji, na betri mara nyingi haina kosa. Zima injini, kagua mkanda wa alteneta, kile kifaa kinachozalisha umeme wa kuchaji betri: mkanda ukilegea huteleza, hasa taa kubwa zikiwaka. Halafu pima betri kwa mita ya volti. Injini ikiwa imezimwa utaona karibu volti 12.6, ikinguruma, 13.8 hadi 14.4. Isipopanda, fundi wa umeme afungue alteneta aangalie kaboni, vile vipande vidogo vinavyopitisha umeme ndani yake, maana huisha. Waya zenye kutu zisafishwe. Nakusihi, usiku pumzisha gari hilo kwanza: sitaki taa zikuzimikie mteremko wa Salgaa, malori nyuma yako.