Mke wangu ananizuia kuthubutu, nifanyeje?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 41, mke na watoto watatu. Nimekuwa mhasibu kwa miaka 14 na nimechoka. Kila asubuhi najiona kama maiti anayetembea. Rafiki yangu anataka tuingie kwenye biashara ya malori. Nitoe akiba yangu yote, tukope kwa dhamana ya nyumba, tununue lori moja la kuanzia, nami niache kazi mwisho wa mwezi huu. Mke wangu amekataa kutia saini. Anasema hawezi tena. Mradi wangu wa kwanza ulipokwama alinisaidia kidogo kulipa madeni, na tangu hapo amekuwa mwoga. Juzi nilitazama habari za Alex Honnold, yule aliyepanda jabali bila kamba, nikasema huyu ndiye anayeishi. Shangazi, maisha yasiyo na hatari yana ladha gani? Nifanyeje ili mke wangu anielewe?*

Marahaba, mwanangu. Kuamka kila siku kwenda mahali ambapo moyo ulishahama ni mateso, na pole kwa hilo. Sasa tuisome barua yako.

Umeandika kwamba mkeo amekataa "kutia saini". Katika nchi nyingi nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, na benki zinalijua hilo. Kumbe fomu ziko tayari, rafiki ameshakubaliwa, tarehe ya kuacha kazi imepangwa, na aliyebaki ni mkeo, ambaye ameletewa kalamu tu. Hukumshirikisha. Ulimpelekea uamuzi uliokwisha kufanywa.

Halafu kuna lile neno "tena", ambalo umelipita mbio. Alikusaidia "kidogo" kulipa madeni. Kidogo ni kiasi gani? Wewe ni mhasibu wa miaka 14, na hapo tu ndipo tarakimu zimekukimbia. Mtu aliyelipa kidogo hasemi "siwezi tena". Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyo unayemwita mwoga ndiye aliyekutoa shimoni. Niko upande wake, na sifichi.

Huyo Honnold nawe umemtazama nusu. Ni kweli, tarehe 3 Juni 2017 aliupanda ukuta wa El Capitan kule California, karibu mita 900, bila kamba, kwa saa 3 na dakika 56. Lakini kabla ya siku hiyo alikuwa ameshaipita njia ileile kwa kamba mara nyingi, akikariri pa kushika na pa kukanyaga, mpaka mikono ikawa inajua yenyewe. Na mwishoni mwa 2016 alianza kupanda, akahisi hayuko sawa, akaacha, ingawa wapiga picha walikuwa wameshajipanga. Kurudi chini siku ile ndiyo sehemu ya kuiga. Wewe je, malori umeyajaribu kwa kamba mara ngapi?

Umeniuliza kuhusu ladha ya maisha, nami sitakwepa. Mtaalamu wa saikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, katika miaka ya 1970, alizungumza na wapanda majabali, wacheza sataranji, madaktari wa upasuaji na wengine, akitafuta kinachowafurahisha katika kazi zao ngumu. Alichokikuta ni kwamba mtu huzama katika raha pale ugumu wa kazi unapolingana na ujuzi wake. Ugumu ukizidi ujuzi, huja wasiwasi. Ujuzi ukizidi ugumu, huja uchovu wa moyo. Wewe uko hapo pa pili. Kazi yako imekuwa ndogo kuliko wewe. Dawa yake ni kutafuta jambo gumu la kujifunza, na hilo halihitaji paa la watoto wako liwekwe mezani.

Wala sisemi ukae tu mpaka mvi ziote. Thomas Gilovich na Victoria Medvec walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba kwa muda mfupi watu hujutia zaidi waliyoyafanya, lakini wakitazama nyuma maisha yote hujutia zaidi waliyoacha kuyafanya. Kwa hiyo hamu yako ni ya haki. Kosa liko kwenye kiasi cha dau na kwenye mwenye dau.

Twende kwenye lori lenyewe, maana barua yako nzima haina mteja hata mmoja ndani yake. Lori moja ni biashara ya mguu mmoja: siku injini ikifa, mapato yote yamekufa, na marejesho ya benki hayajui habari ya injini. Lori kubwa lililoshiba mzigo hunywa lita 35 hadi 50 za dizeli kwa kila kilomita 100, kwa kutegemea umri wake na barabara. Kichwa chenye ekseli tatu pamoja na tela lake vinaweza kubeba matairi 22, nayo huisha kwa kufuatana, si moja leo na jingine mwakani. Dereva na mafuta vinalipwa leo. Mwenye mzigo hulipa baada ya siku 30, 60, wakati mwingine 90. Pengo hilo ndilo linaloua wenye malori wengi, hata wale wenye kazi tele. Bado sijataja siku za kusubiri kupakua bila malipo, na safari ya kurudi tupu.

Chukua kalamu yako ya uhasibu. Uwezekano wa kufaulu ukiwa hata 80 kwa 100, ukiweka kila kitu mezani mara tatu mfululizo, uwezekano wa kupita zote tatu ni 51 tu kwa 100. Ukipoteza nusu ya mali unahitaji kupata faida ya asilimia 100 ili urudi ulipokuwa. Mkeo huenda hajaiandika hesabu hii, lakini aliiishi wakati wa mradi wa kwanza.

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa ninaouona kwenye barua nyingi. Mtu anasema "ndoto zangu", na mwenzake anageuzwa mtazamaji ambaye kazi yake ni kupiga makofi. Asipopiga, anaitwa adui wa maendeleo. Hotuba za hamasa zimechangia sana, kwa sababu wanaosimama jukwaani ni waliovuka. Waliozama hawaalikwi kuzungumza. Ukishaoa, kila hatari yako ina wabia. Watoto watatu hao ni wabia, na hakuna aliyewauliza.

Kama kweli unayataka malori, baki kazini kwa miezi sita. Tafuta mwenye mzigo mmoja, ukodi lori la mtu mwingine, usimamie safari mwishoni mwa wiki na wakati wa likizo yako. Andika kila lita, kila siku ya kusubiri, na tarehe ambayo pesa iliingia mkononi kweli. Tenga gharama za nyumbani za miezi sita kwenye akaunti ambayo mkeo ndiye mwenye neno la mwisho. Kinachobaki kwenye akiba, weka nusu yake tu. Nyumba isiguswe. Wewe na rafiki yako andikianeni mkataba: nani anatoa nini, nani anashika vitabu, na hasara ikifika kiwango gani mnafunga. Akikataa kuandika, umeshapata jibu lako kabla hujapoteza kitu. Usiache mbachao kwa msala upitao, hasa msala ambao hujaukanyaga.

Lakini yote hayo yasubiri. Leo usiku kaa na mkeo, mtajie kwa tarakimu kiasi alicholipa mara ya kwanza, chote, kisha mshukuru. Usimwombe chochote usiku huo. Kesho asubuhi irudishe ile fomu benki bila saini.