Mwanangu, kuhusu lile busu

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma nikiwa Mwaloni, soko la samaki hapa Mwanza, mkono mmoja nimeshika mfuko wa dagaa na mwingine simu, nikasema hili si la kujibu kwa maneno mawili. Umeuliza kama babu yako na wajomba watachukia mwenzio akikubusu kanisani siku ya harusi yenu mbele ya watu, maana mama yake huko Leipzig, Ujerumani, ameshauliza kama na huku lipo. Nimekaa nalo siku nne.

Kwanza nilimwendea padri. Amenieleza kwamba katika ibada ya ndoa mnaulizwa hiari yenu, mnaahidiana, pete zinabarikiwa na mnavishana, kisha mnabarikiwa. Busu halimo. Halikukatazwa, ila watu wamelileta wenyewe. Akaniambia pia jambo la Roma ya zamani ambalo limenikaa kichwani. Mwaka 336 Kaisari Konstantino alitoa sheria kwamba wachumba wakiwa wameshabusiana, kisha mwanaume akafa kabla ya harusi, binti anabaki na nusu ya zawadi alizopewa. Kama hawakubusiana, zinarudi zote. Nikamwambia padri, kumbe lilikuwa na uzito kama wa ng'ombe wetu. Maana mimi nilipotolewa mahari, ng'ombe kumi na wawili, wanane walikuja kwa miguu yao na wanne walilipwa kwa fedha, wazee walihesabu mara tatu, na hakuna aliyeuliza kama tumeshabusiana. Angeuliza angefukuzwa kikaoni.

Na ile habari uliyonitumia, ya watafiti wa Marekani waliochapisha mwaka 2015, nimeisoma. Waliangalia jamii 168 za dunia wakakuta busu la wapenzi, la mdomo kwa mdomo, katika asilimia 46 tu. Nilimsomea baba yako kwa sauti. Akasema, "Unaona?" Akaendelea kumenya ndizi.

Neno lake hilo ndilo limenirudisha mwaka 1989.

Harusi yetu unaijua kwa picha, lakini kuna kitu picha hazikushika. Ukumbini, baada ya kulishana keki, mshereheshaji akaanza: "Busu! Busu!" Watu wakadakia, wakagonga chupa za soda kwa funguo, ukumbi mzima ukawa kengele. Mimi nilikuwa nimekulia kwenye sinema za Kihindi pale mjini, na zile za enzi hizo midomo ilikuwa haigusani. Wakikaribiana tu, unaonyeshwa maua mawili yanaguswa na upepo mpaka yanakutana. Basi mimi nilikuwa nasubiri hata hayo maua. Nikainua uso, nikafumba macho.

Baba yako akanipa mkono. Aliuchukua mkono wangu wa kulia akautikisa, mara mbili, kama mwalimu mkuu anayemkabidhi mwanafunzi zawadi ya daftari. Chupa zikanyamaza. Mama mmoja wa upande wetu akasema, wala hakunong'ona, "Huyu amelazimishwa na wazee wake." Mwanangu, yule mama nikikutana naye sokoni namwamkia vizuri, lakini tumbo hunikaza hata leo.

Kesho yake jioni tukapanda MV Victoria kwenda Bukoba kwa wakwe. Usiku kucha sikumsemesha. Meli ikagusa Kemondo alfajiri, ikaendelea, na tulipofika gati la Bukoba mvua ilikuwa inaanuka na kumwaga, inaanuka na kumwaga. Mimi nimevaa vile viatu vyeupe vya shangazi yako wa Igoma, na kesi ya viatu vile wote mnaijua, sirudii. Hatua ya tatu kutoka kwenye ngazi, ukanda wa kiatu ukakatika. Na mbele yangu pale wamesimama bibi yako wa Kamachumu, mawifi, na wazee wawili wa ukoo, wananitazama mimi bibi harusi wa Kisukuma ninavyochechemea.

Unajua kwa Wahaya anayepiga goti ni mwanamke, humsalimu hivyo mumewe, shemeji, na kila mwanaume wa heshima. Baba yako akaweka sanduku chini. Akapiga goti kwenye saruji yenye maji, na suruali ya suti ya pekee aliyokuwa nayo. Akachukua mguu wangu akauweka juu ya paja lake, akafuta tope kwa leso, polepole, mpaka katikati ya vidole. Kisha akafungua kamba ya kiatu chake mwenyewe, akaichomoa yote, akanifungia nayo, akazungusha mara mbili na kukaza fundo. Halafu akasimama akatembea kumwendea mama yake, kiatu kimoja kinapwaya kila hatua. Hakuna aliyesema neno. Bibi yako alikuja kuniambia miaka kumi baadaye, tunachambua maharage: "Siku ile gatini nilijua mwanangu ameshaondoka."

Ndiyo maana nawaambieni tangu mkiwa wadogo, mtu mtazame mikono. Mapenzi yanakaa mikononi.

Sasa nikuambie ukweli ambao sijawahi kuwaambia. Nimesema miaka yote kwamba kamba ile ilinitosha. Ilinitosha kwa mambo mengi: imenilea, imewasomesha nyie, imenivusha mwaka ule wa duka kuungua. Lakini ukumbini nililitaka lile busu. Nililitaka mbele ya watu, mbele ya yule mama hasa. Halafu najijibu mwenyewe: angenibusu kwa kulazimishwa na chupa za soda, ningekuwa nimepata nini? Halafu tena nasema, si ningekuwa nimelipata? Hapo ndipo nilipofika siku nne zote, na mikono naiamini kama nilivyosema.

Wajomba hawanitishi. Mjomba mkubwa atatazama ardhi, atakohoa, yataisha. Babu yako ndiye ninayemfikiria. Si kwamba atachukia. Kwake yeye cha chumbani kikitolewa sebuleni kinapoa, na angependa chenu kibaki na moto. Ametulea hivyo. Bibi yako wa upande wangu alikuwa akimwona baba yako anakuja njiani, mkwe wake, anakata kona hata kama ana mzigo kichwani, na hiyo ilikuwa heshima na upendo pia. Mwenzio amekulia pengine, kwake kukubusu mbele ya watu ni kutangaza kwamba hana la kuficha. Naielewa hiyo, na haki ya Mungu naipenda.

Jibu nilikuwa nalo. Nimeliandika hapa mara mbili nikalikata kwa kalamu, ukiinua karatasi kwenye mwanga utaliona, usiinue. Ni siku yenu. Ila ukiinua uso na kufumba macho, mwambie asikupe mkono.

Lile jingine la mama yake, la kuvunja vyombo mlangoni kwa bibi harusi usiku wa kuamkia harusi, tumelizungumza na baba yako na mwanzoni lilitushtua, maana kwetu sahani ikivunjika usiku tunaulizana nani amekosana na nani. Lakini uliponieleza kwamba maharusi wenyewe ndio wanashika ufagio, wanazoa vigae pamoja wageni wakitazama, moyo wangu umeridhika kabisa. Hapo nitaona mikono yake. Glasi wasivunje, umesema kwao ni mkosi, basi glasi nitazifungia kabatini. Zile sahani za maua hazihusiki. Nimeshatenga kumi na mbili zenye ufa, zimo kwenye boksi chini ya kitanda chako, na baba yako ameenda Soko Kuu kutafuta fagio mbili mpya.

Mama yako