Weka UTF-8 kabla ya kuita getWriter

Ikiwa maandishi yako ya Kiarabu yanasomeka vizuri kwenye hifadhidata lakini servlet ya Java (programu ya seva inayojibu maombi ya kivinjari) inayatoa kama alama za kuuliza, basi herufi zimepotea kwenye seva yenyewe, na kubadilisha mipangilio ya kivinjari hakutazirudisha. Servlet isipoelezwa itumie usimbaji upi (namna ya kugeuza herufi kuwa baiti), kwa kawaida huandika jibu kwa ISO-8859-1, ambao una nafasi 256 tu na hauna hata herufi moja ya Kiarabu, kwa hiyo kila herufi usioijua huwekewa alama ya kuuliza. Andika response.setContentType("text/html; charset=UTF-8"), yaani utumike UTF-8, usimbaji wenye herufi za Kiarabu pia, kabla ya kuita getWriter, amri inayotoa kiandikio cha jibu. Tafadhali zingatia sana utaratibu huo, kwa sababu getWriter ikishaitwa usimbaji haubadiliki tena, na amri yako hupuuzwa bila kosa lolote kuonyeshwa, jambo linalowapotezea watu muda mwingi mno. Tagi ya meta ndani ya HTML haitoshi, kwani hukieleza kivinjari namna ya kusoma baiti, wala haiielezi seva namna ya kuziandika. Kwa data inayoingia kupitia fomu, tumia request.setCharacterEncoding kabla ya kusoma kigezo chochote.