Maji ya kijani kutoka mabwawa ya Ruai: je, yamesafishwa?

SWALI: Nalima sukuma wiki na dania kando ya Mto Nairobi, chini kidogo ya mabwawa ya majitaka ya Dandora yaliyoko Ruai. Maji yanayotoka kwenye mabwawa hayo ni ya kijani kibichi. Je, mtambo umeshindwa kazi, na naweza kuyamwagilia shambani?

JIBU: Ndugu mkulima, rangi hiyo peke yake si dalili ya mtambo kushindwa. Katika mabwawa ya kwanza, ambayo ni yenye kina kirefu, tope huzama na kuozeshwa na bakteria wasiohitaji hewa. Katika yale ya kati, mwani, yaani viumbe vidogo vya majini vinavyoyapa maji rangi hiyo ya kijani, hutengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua, na bakteria huitumia kula uchafu ulioyeyuka. Mabwawa ya mwisho yana kina cha takriban mita 1, hivyo jua hupenya, na mwani unapostawi mchana maji huwa na ualkali mkali, pH ikipanda hata kupita 9, hali ambayo bakteria wengi wa kinyesi hawaihimili. Rangi ya kutia shaka ni nyingine: bwawa la kati likigeuka jeusi au la waridi na kunuka mayai viza, basi limezidiwa na uchafu.

Hata hivyo, mwani ukiingia mtoni kwa wingi una madhara yake. Usiku huacha kutoa oksijeni lakini huendelea kuitumia, na ukifa huoza. Ndiyo maana samaki huonekana alfajiri wakitweta juu ya maji, ilhali kipimo cha saa saba mchana kingeonyesha mto wenye afya. Kwa maoni yangu, kipimo cha oksijeni kinachochukuliwa mchana pekee hakifai kuitwa ushahidi.

Kuhusu shamba lako, rangi haikwambii lolote juu ya bakteria wa kinyesi wala mayai ya minyoo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1989, kwa mazao yanayoweza kuliwa mabichi, uliweka kikomo cha bakteria 1,000 wa kinyesi katika mililita 100, na yai 1 la minyoo kwa lita. Sukuma wiki hupikwa, lakini dania huingia kwenye kachumbari bila kuguswa na moto. Hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, na ningekushauri uiondoe kwenye maji hayo mpaka yapimwe.

Usipime maji ya mtambo tu. Mto Nairobi hupokea majitaka ghafi mjini kabla ya kufika Ruai, kwa hiyo chukua sampuli tatu: mtoni kabla ya kufika mtambo, kwenye mfereji wa kutokea, na pale unapochotea. Tumia chupa zilizochemshwa, zitie kwenye kasha la barafu, na uzifikishe maabara siku hiyohiyo, kwa sababu idadi ya bakteria hubadilika haraka chupa ikipata joto.