Diski kwa masta ya dramu? Usithubutu!

Mkuu, hapo uliposema unatoa breki za dramu za mbele unaweka za diski, halafu "masta silinda nabaki na hii hii kwanza" (masta ni ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali), nimeshtuka. Usithubutu. Mimi nilisema maneno hayo hayo nikiwa na gari la Mustang ya 1966, na jamaa aliyeniuzia vifaa akaapa kabisa: "Masta ni masta, wewe funga tu." Funga tu! Siku ya siku yeye hakuwemo garini.

Masta nyingi za dramu zina kivalvu kwenye tundu la kutokea mafuta ya breki, kinachobakiza presha ya kama pauni 10 kwa inchi ya mraba hata ukishaachia pedali. Dramu haijali, ina springi ngumu za kurudisha viatu vyake, vile vinavyosugua dramu kwa ndani. Kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, haina springi ya namna hiyo. Kapresha hako hako kanatosha kuziacha pedi zimeng'ang'ania diski safari nzima.

Gari langu lilianza kuwa zito. Nikasema injini imechoka. Ikaja harufu ya kuungua, nikalilaumu lori lililokuwa mbele yangu (cheka tu, nimezoea). Kufika mteremkoni nakanyaga, pedali ikazama hadi sakafuni kama sponji. Mafuta ya breki yalikuwa yamechemka, na mvuke ukishaingia kwenye mabomba unakanyaga hewa. Masta ya 1966 ina chumba kimoja, kwa hiyo breki za nyuma nazo zikaondoka na za mbele. Nilisimama kwa breki ya mkono, gia ya kwanza na dua. Niliposhuka diski zilikuwa za buluu, nikazitemea mate yakakauka kwa mlio. Diski mpya hizo, za siku mbili!

Masta kwanza, kalipa baadaye. Tafuta masta ya diski mbele na dramu nyuma, yenye vyumba viwili, na kile cha diski kiwe kikubwa, maana pistoni za kalipa zinakunywa mafuta kuliko silinda za dramu. Weka na valvu ya kupunguza presha ya nyuma, la sivyo ukikanyaga ghafla magurudumu ya nyuma yanakaza kwanza na gari linageuka.

Kama umeshafunga, usitoke nalo. Piga jeki mbele, kanyaga, achia, zungusha gurudumu kwa mkono. Likigoma, legeza kidogo nipo ya kalipa, ile skrubu ya kutolea hewa. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea, presha imenaswa humo, ama kwa kile kivalvu, ama fimbo ya pedali ni ndefu inaisukuma pistoni ya masta muda wote.

Uliuliza nini tena, rimu za inchi 14? Nyingine zinagusa kalipa. Ivalishe bila tairi, izungushe uone. Swali lako la busta, kile kifaa cha kulainisha pedali, wengine watakujibu, mimi bado namtafuta yule muuzaji.